Tetemeko la ardhi katika mabonde: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mashapo, mwamba na nyufa hai

Baada ya kila tetemeko kubwa, vyombo vya habari hutaja namba mbili: ukubwa wa tetemeko na umbali wa mji kutoka kwenye kitovu chake. Namba hizo ni za kweli, lakini hazielezi kwa nini mtaa mmoja umegeuka kifusi ilhali watu wa mtaa wa pili, ng'ambo ya barabara, wamerudi kulala majumbani mwao. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu yale ambayo namba hizo huyaacha nje: aina ya ardhi iliyo chini ya mji, umbo la bonde, na mahali ufa ulipopita.

Inawezekanaje mji ulio mbali na kitovu ukabomoka vibaya?

Inawezekana, na imekwisha kutokea. Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko lenye ukubwa wa 8.0 lilianzia kwenye pwani ya Pasifiki ya Meksiko, katika jimbo la Michoacán. Jiji la Mexico City liko takriban kilomita 350 hadi 400 kutoka hapo, na kwa umbali huo mawimbi ya tetemeko huwa yamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kipimo kilichowekwa juu ya mwamba wa volkano katika chuo kikuu cha taifa, upande wa kusini wa jiji, kilithibitisha hivyo, kwani kilirekodi mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi ya ardhi, usiozidi asilimia 4 ya mvutano wa dunia. Lakini kipimo kingine, kilichokuwa kwenye uwanja wa wizara ya mawasiliano na uchukuzi katika jiji hilohilo, kilirekodi takriban asilimia 17.

Tofauti ilikuwa chini ya miguu. Sehemu ya kati ya Mexico City imejengwa juu ya kitanda cha ziwa Texcoco, ambalo Waazteki walijenga mji wao katikati yake na ambalo baadaye lilikaushwa. Maji yalipoondoka, ulibaki udongo wa mfinyanzi mlaini mno, wenye maji yaliyonaswa ambayo uzito wake ni mara kadhaa ya uzito wa udongo wenyewe ukikaushwa. Maelfu ya watu walikufa, na karibu maafa yote ya jijini yalitokea ndani ya mipaka ya ziwa hilo la zamani. Mtu akichukua ramani ya ziwa na kuilaza juu ya ramani ya majengo yaliyoanguka, hahitaji maelezo mengine.

Bonde la mashapo ni nini, na lina uhusiano gani na nyufa?

Bonde la mashapo ni shimo kubwa katika mwamba mgumu ambalo limejazwa, kwa maelfu au mamilioni ya miaka, na vitu vilivyoletwa na mito, maziwa, upepo au volkano: changarawe, mchanga, tope, mfinyanzi na majivu. Ukisimama juu yake unaona uwanda tambarare, wenye rutuba na maji ya kutosha, na ndiyo sababu binadamu wamejenga miji yao humo tangu zamani. Mwamba wenyewe unaweza kuwa mita 30 chini, au mita 600, au kilomita kadhaa. Chini ya uwanda wa Kanto, ulikojengwa mji wa Tokyo, mashapo hufikia kina cha kilomita 3 hadi 4 katika sehemu zake za ndani zaidi.

Jambo ambalo watu wengi hawalitambui ni kwamba mara nyingi ufa ndio uliolichimba bonde. Pale ambapo gamba la dunia linavutwa kwenda pande mbili, kipande cha ardhi huteremka kati ya nyufa na kuacha bonde refu lenye kuta. Hivyo ndivyo yalivyofanyika mabonde ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambamo tetemeko la Rukwa la mwaka 1910 na lile la Subukia la mwaka 1928 yalitokea. Pale ambapo pande mbili za ufa zinapishana na ufa wenyewe umepinda au kuruka, ardhi ya katikati huzama, kama ilivyo kwa Bahari ya Chumvi. Na pale ambapo upande mmoja unausukuma mwingine na kuupanda, milima huinuka huku bonde likijaa vifusi vya milima hiyo. Kwa hiyo, mji uliojengwa bondeni mara nyingi hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: udongo unaokuza mtikisiko, na ufa unaouzalisha. Haya mawili hayakutani kwa bahati mbaya, kwa kuwa yana chanzo kimoja.

Udongo mlaini unakuzaje mtikisiko? Je, si ungetarajiwa kuupunguza, kama godoro?

Mfano wa godoro humpotosha kila anayeutumia. Mawimbi ya tetemeko husafiri haraka katika mwamba mgumu na polepole katika udongo mlaini. Katika mwamba imara, mawimbi yanayotikisa ardhi kwenda kando husafiri kwa zaidi ya mita 1,500 kwa sekunde, wakati katika mashapo malaini kasi hiyo hushuka chini ya mita 180 kwa sekunde, na katika mfinyanzi wa Mexico City iko chini ya mita 100. Nishati iliyokuwa ikibebwa kwa kasi kubwa haipotei wimbi linapopunguza mwendo. Badala yake hujikusanya, na wimbi hulazimika kupanda juu zaidi, kama wimbi la bahari linavyoinuka linapoingia kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufuo.

Mtu anaweza kukadiria mwenyewe. Ikiwa kasi inashuka kutoka mita 2,000 kwa sekunde hadi 200, na uzito wa ujazo wa udongo nao ni mdogo kuliko wa mwamba, ukubwa wa mtikisiko huongezeka takriban mara tatu hadi nne kutokana na badiliko hilo peke yake. Na hapo bado hatujahesabu mawimbi yanayonaswa. Wimbi likishaingia ndani ya mashapo, hupanda hadi juu ya ardhi, hugonga, hurudi chini, hukuta mwamba, na mwamba hulirudisha tena juu. Kadiri tofauti kati ya mwamba na mashapo inavyokuwa kali, ndivyo wimbi linavyoshindwa kutoka.

Kwa nini majengo ya kimo fulani huanguka na ya jirani yakabaki yamesimama?

Hili ndilo swali lenye mafunzo mengi kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Kila tabaka la mashapo lina mwendo wake wa asili wa kuyumba. Muda ambao tabaka hutumia kwenda upande mmoja na kurudi huitwa kipindi, na kwa tabaka moja lililolala juu ya mwamba hupatikana kwa kanuni nyepesi: zidisha unene wa tabaka kwa nne, kisha gawanya kwa kasi ya mawimbi ndani yake. Tabaka la mfinyanzi lenye unene wa mita 38 na kasi ya mita 76 kwa sekunde lina kipindi cha sekunde 2 kamili, na hicho ndicho kilichorekodiwa kwenye uwanja wa wizara ile mwaka 1985.

Majengo nayo yana vipindi vyake. Kwa makadirio ya wahandisi, jengo la kawaida huyumba kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila ghorofa, hivyo jengo la ghorofa mbili huyumba kwa haraka na kwa ufupi, na la ghorofa ishirini huyumba polepole. Kipindi cha udongo kikikaribiana na kipindi cha jengo, viwili hivyo huitikiana, na kila msukumo mpya hufika wakati hasa jengo linapokuwa tayari kusukumwa. Mtoto anayesukumwa kwenye bembea huenda juu namna hiyo, kwa misukumo midogo inayofika kwa wakati wake. Wanafizikia huiita hali hii resonansi.

Mwaka 1985 majengo yaliyoumia zaidi yalikuwa ya ghorofa 6 hadi 15. Msomaji makini atauliza: kama kipindi cha udongo kilikuwa sekunde 2, mbona jengo la ghorofa 10, lenye kipindi cha takriban sekunde 1, liliingia hatarini? Jibu ni kwamba jengo linalopasuka hulegea, na jengo lililolegea huyumba polepole zaidi. Nyufa za kwanza katika nguzo na kuta zilirefusha kipindi chake, na kila sekunde iliyopita lilisogea karibu zaidi na kipindi cha udongo. Nyumba fupi zilizojengwa vizuri zilipona, na mnara wa Latinoamericana wenye ghorofa 44 ulibaki umesimama.

Kisha tarehe 19 Septemba 2017, miaka 32 kamili baadaye, tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilitokea katika eneo la Puebla, takriban kilomita 120 kutoka jijini. Safari hii chanzo kilikuwa karibu na mawimbi yake yalikuwa na nguvu zaidi katika vipindi vifupi, kwa hiyo maafa yalijikusanya upande wa magharibi wa ziwa la zamani, ambako mfinyanzi ni mwembamba, na majengo mengi yaliyoanguka yalikuwa mafupi kuliko yale ya 1985. Jiji, ziwa na tarehe vilikuwa vilevile, lakini walioumia walikuwa wengine. Mtu asikubali kuambiwa kwamba mtaa fulani ni salama kwa sababu uliwahi kupona. Aulize ulipona tetemeko la namna gani.

Je, ni kweli kwamba kingo za bonde ni hatari zaidi kuliko katikati?

Si kila mara, lakini imetokea mara za kutosha kiasi cha kutupa sababu ya kuzitazama kingo kwa makini. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11:46 alfajiri, tetemeko la ukubwa wa 6.9 liliipiga Kobe nchini Japani na kuua zaidi ya watu 6,400. Watafiti walipochora ramani ya nyumba zilizoanguka, ulionekana mkanda mwembamba wenye upana wa takriban kilomita moja na urefu wa kilomita zipatazo 20, uliolala kati ya milima ya Rokko na bahari. Mkanda huo haukuwa moja kwa moja juu ya ufa. Ulikuwa umesogea kidogo kuelekea baharini.

Maelezo yaliyokubalika ni haya: wimbi moja lilipanda wima kupitia mashapo, polepole, wimbi la pili lilipita katika mwamba wa milima, likafika ukingoni mapema, likapinda na kuingia bondeni kwa upande. Mawili hayo yakakutana umbali mfupi kutoka ukingoni, kilele juu ya kilele, na hapo mtikisiko ukawa mkubwa kuliko sehemu nyingine zote. Mwaka mmoja kabla yake, siku hiyohiyo ya tarehe 17 Januari, tetemeko la Northridge huko California lilikuwa limeuharibu mji wa Santa Monica kuliko maeneo mengine yaliyo karibu zaidi na chanzo, nao uko karibu na ukingo wa bonde la Los Angeles. Umbo la mwamba chini ya ardhi linaweza kuyakusanya mawimbi kama lenzi inavyokusanya mwanga, na aliye juu ya ardhi haoni dalili yoyote ya lenzi hiyo.

Kwa nini mtikisiko bondeni hudumu muda mrefu kuliko milimani?

Kwa sababu mawimbi hayapati njia ya kutoka. Ukingoni mwa bonde huzaliwa mawimbi mapya yanayotambaa juu ya ardhi, yakavuka bonde hadi upande wa pili, yakarudishwa, na kuendelea hivyo. Aliye juu ya mwamba anaweza kuhisi mtikisiko kwa nusu dakika, wakati aliye bondeni anaendelea kuyumbishwa kwa dakika kadhaa. Muda huo una gharama yake, kwa maana nguzo iliyostahimili mizunguko kumi inaweza kukatika katika mzunguko wa thelathini.

Mabonde yenye kina kirefu hukuza hasa mawimbi ya polepole, yenye vipindi vya sekunde kadhaa, na mawimbi ya namna hiyo husafiri mbali sana bila kuchoka. Tetemeko kubwa la Machi 2011 huko Tohoku liliyumbisha jengo refu la mita 256 mjini Osaka, karibu kilomita 770 kutoka kitovu, kwa takriban dakika 10, na kilele chake kilikwenda zaidi ya mita moja kila upande. Septemba 2003, tetemeko lililotokea baharini karibu na kisiwa cha Hokkaido lilisababisha mafuta kusukasuka ndani ya matangi makubwa ya Tomakomai, zaidi ya kilomita 200 kutoka chanzo, hadi moto ukazuka. Nyumba za kawaida za eneo hilo hazikuwa na shida kubwa, kwa kuwa kipindi cha bonde kilifanana na kipindi cha mafuta ndani ya tangi, na hakikufanana na kipindi cha nyumba.

Ufa hai ni upi?

Ni ufa ambao umewahi kusogea katika zama za karibuni za kijiolojia na unaotarajiwa kusogea tena. Neno "karibuni" hapa lisimhadae msomaji. Katika sheria za California, ufa huhesabiwa kuwa hai ukiwa umesogea ndani ya takriban miaka 11,700 iliyopita. Nyufa nyingine hupasuka mara moja kila baada ya miaka mia chache, nyingine kila baada ya maelfu. Ukimya wa vizazi kumi hauthibitishi chochote kuhusu ufa unaosubiri miaka elfu tatu.

Wataalamu huzitambua nyufa hizi kwa kuchimba mahandaki yanayozikata na kusoma tabaka za udongo kama kurasa: pale tabaka lilipokatika na lililo juu yake likabaki zima, tetemeko lilitokea kati ya tarehe za matabaka hayo mawili. Mabaki ya mimea na mkaa ndani yake hupimwa umri kwa njia ya kaboni. Kazi ya Kerry Sieh huko Pallett Creek, kwenye ufa wa San Andreas, ndiyo iliyoonyesha ulimwengu kwamba historia ya ufa inaweza kusomwa hivyo hata pale ambapo hakuna maandishi ya binadamu.

Je, nyufa zote zinazoweza kuua zimekwisha kujulikana?

Hapana, na ni katika mabonde ndiko nyufa hujificha vizuri zaidi. Ufa unaopita milimani huacha ngazi, vijito vilivyokatika na mistari inayoonekana kutoka angani, lakini ufa uliofunikwa na mamia ya mita za changarawe hauonekani. Tarehe 4 Septemba 2010, tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilipasua ardhi karibu na Christchurch nchini New Zealand kwa urefu wa karibu kilomita 30, kwenye ufa ambao hakuna aliyeujua, kwa sababu mito ya nyanda za Canterbury ilikuwa imeufukia. Tarehe 22 Februari 2011 ufa mwingine usiojulikana ulipasuka takriban kilomita 10 tu kutoka katikati ya mji. Tetemeko hili la pili lilikuwa na ukubwa wa 6.2 pekee, yaani nishati yake ilikuwa ndogo zaidi ya mara ishirini kuliko ya lile la kwanza. Hata hivyo, la kwanza halikuua mamia, na la pili liliua watu 185. Lilikuwa karibu, lilikuwa na kina kifupi, na katika bonde la Heathcote mchapuko wa juu-chini ulizidi mara mbili ya mvutano wa dunia.

Tetemeko la Northridge la 1994 nalo lilitokana na ufa usiofika juu ya ardhi. Nyufa za aina hii huitwa nyufa pofu, na kuzitafuta kunahitaji kupima bonde kwa mawimbi ya kutengenezwa, kama wanavyofanya wanaotafuta mafuta.

Kukaa karibu na ufa kunabadilisha nini hasa?

Kunabadilisha mambo matatu, nayo hayalingani kwa uzito.

La kwanza ni kupasuka kwa ardhi yenyewe. Pande mbili za ufa zikisogea mita mbili au nne, jengo lililoketi juu ya mstari huo hukatwa, na hakuna kiasi cha nondo kitakacholizuia. Kwa bahati njema, eneo hili ni jembamba. Baada ya tetemeko la San Fernando la 1971, California ilipitisha mwaka 1972 sheria ya Alquist-Priolo inayozuia nyumba za kukaliwa na watu kujengwa juu ya ufa hai, na umbali unaoachwa kwa kawaida ni takriban mita 15.

La pili lina uzito zaidi, nalo ni mwelekeo wa mpasuko. Ufa haupasuki wote kwa wakati mmoja. Mpasuko huanzia mahali na kukimbia, kwa kasi inayokaribia ile ya mawimbi yenyewe. Mji ulio mbele ya mpasuko hupokea mawimbi yaliyorundikana kuwa pigo moja au mawili makubwa, ilhali mji ulio nyuma yake hupokea nishati ileile ikiwa imetandazwa kwa muda mrefu. Kobe ulikuwa mbele. Palu, nchini Indonesia, ulikuwa mbele pia tarehe 28 Septemba 2018, na mpasuko wa ufa wa Palu-Koro ulikimbia kwa kasi kuliko mawimbi yake yanayotikisa ardhi kwenda kando, jambo ambalo hutokea mara chache.

La tatu ni upande. Katika ufa ambao kipande kimoja kinakipanda kingine, walio juu ya kipande kinachopanda hutikiswa zaidi, kwa kuwa ufa umelala chini yao kwa mteremko na hivyo wako karibu na sehemu kubwa ya uso wake.

Udongo hugeukaje ujiuji?

Mchanga uliolegea na kujaa maji hubeba uzito kwa sababu chembe zake zimegusana. Ukitikiswa, chembe hutaka kujipanga karibu zaidi, lakini maji yaliyo katikati hayana muda wa kutoka, hivyo shinikizo lake hupanda hadi chembe zinaachana. Kwa muda mfupi ardhi huwa kama uji mzito: majengo hulala kwa ubavu, mashimo ya maji taka huibuka, na mchanga hutoka juu kama chemchemi. Niigata, nchini Japani, mwaka 1964 majengo kadhaa ya makazi yaliegemea mpaka mengine yakalala karibu kabisa, huku kuta zake zikiwa nzima. Christchurch walikabiliwa na jambo hili mara kwa mara mwaka 2010 na 2011, hadi serikali ikanunua maelfu ya nyumba na kuhamisha mitaa mizima.

Palu ndiko kulikotokea sura ya kutisha kuliko zote. Mitaa ya Balaroa na Petobo iliteleza na kutiririka kwenye miteremko midogo ambayo mtu akiitembea hasikii kama anapanda. Katika sehemu ya bonde hilo, mifereji ya umwagiliaji ilikuwa imeinua kiwango cha maji ya ardhini kwa miongo mingi. Nalitaja hili kwa sababu maji ndiyo sehemu ya tatizo ambayo binadamu wanaweza kuibadilisha, kwa uzuri au kwa ubaya.

Ardhi ya kujaza, yaani sehemu za bahari au ziwa zilizofukiwa ili kupata viwanja, ina tabia hiyohiyo. Mwaka 1989, tetemeko la Loma Prieta liliuharibu mtaa wa Marina mjini San Francisco, takriban kilomita 100 kutoka chanzo, na mchanga uliochomoza ardhini ulitoka na vipande vya mbao zilizoungua katika tetemeko na moto wa 1906. Mtaa ulikuwa umejengwa, kwa sehemu, juu ya vifusi vya maafa yaliyotangulia.

Je, udongo mlaini hukuza mtikisiko siku zote?

Hapana. Udongo mwingi ukitikiswa kwa nguvu sana hupoteza ugumu wake na kuanza kumeza nishati, hasa ya mitikisiko ya haraka. Tetemeko la Gorkha la tarehe 25 Aprili 2015, lenye ukubwa wa 7.8, lilipasua ufa uliopita chini ya bonde la Kathmandu, na wengi waliokuwa wakilijua bonde hilo, ambalo ni ziwa la zamani lenye mashapo ya mamia ya mita, walihofia kwamba jiji lote lingebomoka. Karibu watu 9,000 walikufa, wengi wao katika vijiji vya milimani, na mnara wa Dharahara ulianguka. Lakini nyumba nyingi za ghorofa chache jijini zilisimama. Mtikisiko ulikuwa na nguvu kubwa katika vipindi vya sekunde 4 hadi 5, ambavyo havikugusana na vya nyumba hizo. Nawaomba wanaoishi humo wasiichukue habari hiyo kama uthibitisho wa ubora wa nyumba zao, kwa kuwa tetemeko jingine linaweza kuja na vipindi vifupi.

Mfinyanzi wa Mexico City ni kinyume chake. Haulegei upesi, hata chini ya mtikisiko mkubwa, na kwa hiyo huendelea kukuza pale ambapo udongo mwingine ungekuwa umeanza kumeza.

Wataalamu huijuaje ardhi iliyo chini ya mji?

Kipimo kinachotumika zaidi ni wastani wa kasi ya mawimbi katika mita 30 za juu, unaopatikana kwa kuchoronga shimo au kwa kugonga ardhi na kusikiliza kwa vipokezi vilivyopangwa kwa mstari. Kwa kipimo hicho ardhi hupangwa katika madaraja, kuanzia mwamba mgumu hadi udongo mlaini. Ni kipimo chenye faida, lakini bondeni hakitoshi, kwa sababu mita 30 hazisemi lolote kuhusu mwamba ulio kilomita moja chini wala kuhusu ukingo ulio jirani.

Kuna njia nyingine isiyohitaji kuchoronga wala kulipua. Ardhi hutetemeka kidogo wakati wote kwa sababu ya bahari, upepo na magari, na Yutaka Nakamura wa Japani aliieneza mwaka 1989 njia ya kulinganisha mtetemo huo wa kando na ule wa juu-chini ili kupata kipindi cha mashapo. Kipimo kimoja huchukua dakika chache, na mtaa mzima unaweza kupimwa kwa siku chache. Baada ya Kobe, Japani pia ilisimika mtandao wa vipimo takriban 1,000 nchi nzima na kuanza kuchunguza nyufa zake kuu moja baada ya nyingine.

Je, msingi mrefu au jengo lililowekwa juu ya mipira linatatua tatizo?

Msingi wa nguzo ndefu zinazofika kwenye tabaka gumu huzuia jengo kuzama na kuinama, lakini hauzuii mtikisiko kufika. Mipira, yaani pedi nene za raba zinazolitenganisha jengo na ardhi, hufanya kazi kwa kurefusha kipindi cha jengo, na juu ya mwamba au udongo mgumu huokoa maisha kweli. Juu ya mfinyanzi mnene wenye kipindi cha sekunde 2, hata hivyo, kukirefusha kipindi cha jengo hadi sekunde 2 ni kulipeleka mahali hasa pasipofaa. Dawa ileile huponya mahali pamoja na kudhuru pengine, na ndiyo sababu mchoro wa jengo haufai kunakiliwa kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Mtu anayetaka kujenga au kununua bondeni aulize nini?

Aulize kwanza palikuwa na nini kabla ya mtaa: kinamasi, mkondo wa zamani wa mto, ziwa, au shimo lililofukiwa. Ramani za zamani na wazee wa eneo hujibu swali hili upesi. Aulize maji ya ardhini yako kina gani msimu wa mvua, kwa kuwa mchanga mkavu haugeuki ujiuji. Amwulize mhandisi kipindi cha ardhi na kipindi cha jengo ni kipi, na kama hajapata namba zote mbili, asiendelee hadi azipate. Aulize mstari wa ufa uliochorwa umepimwa kwa handaki au umekisiwa kwa picha ya angani, kwa sababu mstari wa kukisia unaweza kukosea kwa makumi ya mita, na kwenye kiwanja makumi ya mita ni nyumba nzima. Na akikuta jengo lenye chini wazi, lililoachiwa nguzo tupu kwa ajili ya maduka au magari huku juu kukiwa na kuta nzito, ajue kwamba hiyo ndiyo ghorofa inayovunjika kwanza.